Roboti zetu za Moshi baada ya kutolewa kwenye seva ya Arusha

Naandika hii nikiwa ofisini Moshi, pembeni ya Double Road. Masika yameanza, wageni wa mlima wamepungua, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika kitu ambacho vijana wa ofisi nyingine za utalii hapa mjini na wa Arusha wananiuliza kila wakati: ivi nyie mnaziendeshaje zile programu zenu bila seva, yaani bila ile kompyuta ya makao makuu inayoongoza kazi za ofisi zote kupitia mtandao? Jibu fupi ni kwamba tunaziendesha kwenye kompyuta moja iliyopo mezani kwetu. Jibu refu ndo hili, na limenigharimu.

Kampuni yetu inapandisha wageni Kilimanjaro. Makao makuu yako Arusha, sisi huku ni tawi, katikati yetu kilomita kama 80. Nikisema roboti simaanishi mashine ya chuma, ni programu inayofanya zile kazi ambazo mtu angekaa kutwa anazifanya kwa mkono, kufungua faili, kunakili majina, kujaza fomu kwenye tovuti, kubonyeza tuma. Tulikuwa nazo tatu. Ya kwanza inajaza taarifa za wageni, jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kupanda, njia gani, Machame au Marangu au Lemosho. Ya pili inatengeneza ripoti ya jioni. Ya tatu ndo yenye uzito, inalipa wagumu.

Kwa asiye wa huku, wagumu ni wapagazi wa mlimani. Mwisho wa mzigo wa mtu mmoja ni kilo 20, na mtu anaubeba siku sita, baridi, mvua, usiku analala kwenye hema, afu anashuka geti la Mweka miguu imevimba na kitu anachosubiri ni simu ilie aone hela imeingia. Hela ikichelewa siku moja kuna nyumba Kibosho au Uru haijapikwa vizuri siku hiyo. Ndo maana hii programu ya tatu sijawahi kuichukulia kama jambo la kompyuta tu, ni jambo la watu.

Zamani zote tatu zilikuwa zinaongozwa kutoka seva ya Arusha. Mimi nilikuwa naingia kwenye ukurasa, naona imeendeshwa saa ngapi, imemaliza au imekwama, basi. Mwaka 2023 makao makuu wakabadilisha utaratibu, leseni zikapunguzwa, matawi tukatolewa. Kaka wa IT alinipigia Ijumaa jioni.

"Dada, kuanzia Jumatatu hamtaingia tena kwenye seva. Mtaendesha hukohuko kwenu."

"Hukohuko wapi sasa kaka?"

"Kompyuta yoyote tu dada. Faili nakutumia kwenye imeili."

Na kweli akatuma, na kweli Jumatatu nikazifungua kwenye laptopu ya ofisi zikafanya kazi, nikaona kumbe hamna shida. Mawazo yangu yalikuwa kwamba seva ni kompyuta kubwa, na kazi zetu ni ndogo, laptopu inatosha. Kwa upande wa nguvu ilikuwa inatosha kabisa. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba ile seva ilikuwa inafanya kazi nyingine kimyakimya ambazo hamna mtu aliyewahi kunielezea. Waliotumia UiPath, ya kutengenezea roboti kama hizi, wanaijua Orchestrator, waliotumia Ansible, ya kuendesha kazi kwenye kompyuta nyingi, wanaijua AWX, ni vitu vya namna moja vinavyokaa kwenye seva: vinaangalia saa na kuanzisha kazi, vinatunza pasiwedi, vinapanga foleni ya kazi, vinaandika nani ameendesha nini na imeishia wapi, na vinazuia watu wawili wasianzishe kazi moja kwa wakati mmoja. Ukiichukua programu ukaiacha seva, umechukua mikono ukaacha kichwa.

Wiki ya kwanza yalikuja madogomadogo. Niliweka ripoti ya jioni kwenye Task Scheduler ya Windows ijiendeshe yenyewe saa 12 jioni. Nikiianzisha kwa mkono inafanya kazi, ikijianzisha yenyewe inasema faili halipo, na faili lipo nalitazama kwa macho. Nilihangaika siku mbili. Kumbe ukiweka kazi pale bila kuiambia ianzie foda gani, Windows inaianzishia kwenye foda yake yenyewe ya System32, sasa skripti, yaani lile faili la programu yetu, inatafuta orodha ya wagumu ndani ya matumbo ya Windows, itaipatia wapi. Kuna sehemu ya kujaza foda ya kuanzia, ijaze, au bora zaidi ndani ya skripti andika njia nzima ya faili kuanzia kwenye diski.

Na ile ya kujaza fomu za wageni ndo ilikuwa inakufa kila tukienda kula. Hii ni roboti inayobonyeza vitu kwenye skrini kama mtu, kwa hiyo skrini ikijifunga na yenyewe haioni kitu. Na ukichagua kazi iendeshwe hata kama hamna mtu aliyeingia kwenye kompyuta, Windows inaiendesha mahali ambapo skrini haipo kabisa. Sikupata dawa yake, niliacha tu kuilazimisha. Sa hivi inaendeshwa mchana, dada wa mapokezi akiwa amekaa hapohapo, anaiona ikijaza, na mara mbili tatu ameikamata inaweka jina la ukoo mahali pa jina la kwanza. Naona ni bora hivyo hata tungekuwa na seva.

Sasa nije kwenye kilichotokea Desemba.

Mtu wa Moshi anajua Desemba ya huku ilivyo. Wachagga wote wanarudi nyumbani, magari ya Dar yamejaa mpaka vijijini, bei ya mbuzi imepanda, kila mtu anatafuta hela ya Krismasi. Ilikuwa 2023, kipindi kile cha mgao wa umeme. Makundi mawili yalishuka siku moja, jumla wagumu 61, wote siku sita, kila mmoja laki na nusu. Jioni Task Scheduler ikaianzisha programu ya malipo, inasoma orodha mstari mmoja mmoja, inaingiza namba ya simu na kiasi kwenye mfumo wa malipo, inatuma, inahamia mstari unaofuata.

Umeme ukakatika. Sikuwa na wasiwasi, nikasema laptopu ina betri, ruta ndo imezimika lakini ina betri yake ndogo, tutaendelea. Nikatazama skrini, dirisha la programu limepotea. Hamna kosa limeandikwa, hamna ujumbe, limeondoka tu.

Sababu yake niliijua baada ya wiki nzima na naomba kila anayetumia Task Scheduler kwenye laptopu alisome hili mara mbili. Kwenye mipangilio ya kazi kuna visanduku viwili ambavyo Windows inaviwekea tiki yenyewe bila kukuuliza: kimoja kinasema anzisha kazi hii pale tu kompyuta ikiwa kwenye umeme wa ukutani, na cha pili kinasema isimamishe kompyuta ikihamia kwenye betri. Waliovitengeneza walikuwa wanaokoa chaji. Huku kwetu maana yake ni kwamba umeme ukikatika, kile kitu ulichonunua ili kikuokoe umeme ukikatika, yaani betri, ndo kinachosababisha kazi iuawe katikati. Toa hizo tiki zote mbili. Leo.

Umeme ulirudi saa 3 usiku. Mimi nikiwa na haraka, nikiwafikiria watu wanaosubiri, nikaianzisha tena kwa mkono. Na yenyewe ikaanza ilipoanzia mara ya kwanza, mstari wa kwanza, kwa sababu hamna mahali popote palipoandikwa kwamba wa kwanza mpaka wa 38 wameshalipwa. Kwenye seva palikuwa panaandikwa. Kwenye laptopu hamna.

Watu 38, laki na nusu kila mmoja, milioni tano na laki saba zimetoka mara mbili, siku nne kabla ya Krismasi.

Asubuhi yake nilianza kupiga simu, mmoja mmoja. Siwezi kusahau ile asubuhi. Wengine walishanunua vitu, wengine wameshawatumia wazazi, wengine wamepanda tena mlimani na kundi lingine hawapatikani. Na walikuwa hawajaiba kitu, hela imeingia kwenye simu yao kutoka kwa mwajiri wao wakati wa sikukuu, mtu angejuaje kama siyo bonasi. Ilibidi niombe, na niombe kwa adabu, maana kosa ni letu. Kuna mzee mmoja wa Kibosho, meku kabisa, mlimani ameanza kabla mimi sijaanza shule. Sikuwahi hata kumpata kwenye simu. Siku ya pili akaja mwenyewe ofisini na bahasha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ile ya kwanza niliijua ni jasho langu. Hii ya pili sikuitolea jasho, nikasema kuna mtu atakuwa analia mahali."

Akaiweka mezani, akaomba tuihesabu mbele yake. Alikuwa ametoka Kibosho mpaka mjini kwa nauli yake. Ndani ya wiki moja watu 31 walikuwa wamerudisha, waliobaki saba tulikubaliana nao kukata kidogokidogo kwenye safari zilizofuata, na wote walikubali. Lakini mimi nilijiambia kwamba siwezi tena kuwaweka watu wale kwenye nafasi ile ya kuitwa na kuombwa hela waliyokwisha kuipangia.

Ndo nikaanza kusoma kweli. Katika kusoma nikakutana na historia ya SQLite, programu ya kutunza data kwa mpangilio, yaani databesi, ambayo ilinifariji sana. Huyu Richard Hipp, Mmarekani, mwaka 2000 alikuwa anafanya kazi kwenye programu ya meli ya kivita, meli ikipigwa ikaharibika programu inasaidia kujua valvu ipi ifungwe na ipi ifunguliwe. Programu ilikuwa inategemea databesi ya kwenye seva, na seva ikilala, programu inaleta ujumbe kwamba imeshindwa kuunganishwa, na programu yake ndo inaonekana mbovu. Akajiuliza, kwa nini data isisomwe moja kwa moja kutoka kwenye diski bila seva katikati? Ndo ikazaliwa databesi ambayo yote ni faili moja tu, na leo iko ndani ya karibu kila simu tunayoshika. Yaani shida yetu ya Moshi ilishampata mtu kwenye meli ya vita. Na kizuri zaidi, imetengenezwa ikijua kwamba umeme unaweza kukatika katikati ya kuandika, badiliko linaingia lote au haliingii kabisa, hamna nusu. Kwetu huku hiyo ni sifa kubwa kuliko kasi.

Basi orodha ya malipo nikaihamisha kutoka Excel kwenda SQLite. Na kabla sijasahau, hata bila ya yale yaliyotokea ningeihamisha tu, maana Excel ukiifungulia faili la namba za simu inaona 0754 na kuendelea inasema hii ni namba ya hesabu, sifuri ya mbele haina maana, inaitoa. Unabaki na tarakimu tisa. Na ukiiandika kwa 255 mbele, inakuonyesha kitu kama 2.56E+11. Namba ya simu siyo hesabu, hamna mtu anayejumlisha namba za simu, ni maandishi, itunze kama maandishi.

Sasa kila mstari una alama yake isiyojirudia, namba ya safari pamoja na namba ya simu, kwa hiyo mtu huyohuyo kwa safari hiyohiyo databesi yenyewe inakataa kuingia mara mbili. Na kila mstari una hali. Mwanzoni niliweka hali mbili tu, bado na imetumwa. Nikaona nimemaliza. Nikamwonyesha kijana mmoja anayesoma kompyuta Arusha, akaniuliza swali moja tu: "Sasa dada, umeme ukikatika baada ya hela kutoka ila kabla hujaandika imetumwa?"

Nilikaa kimya. Ni sehemu ya sekunde, lakini ipo, na kwenye mistari mingi na umeme wa kukatika siku moja itakukuta. Ukiandika imetumwa kabla ya kutuma, ukikatika hapo mtu hajalipwa na daftari linasema amelipwa. Ukiandika baada ya kutuma, ukikatika hapo amelipwa na daftari linasema bado. Nilizunguka na hili swali siku kadhaa nikitafuta namna ya kulifuta, na ukweli ni kwamba kwa upande wako peke yako huwezi kulifuta, kwa sababu hela inatoka kwenye mfumo wa watu wengine na alama unaiweka kwenye diski yako, ni sehemu mbili tofauti, haziwezi kubadilika kwa pigo moja. Kama mfumo wa malipo unakuruhusu kutuma namba yako ya kumbukumbu na wenyewe ukakataa kuipokea mara mbili, hapo umepona. Wa kwetu wakati ule haukuwa na hiyo.

Tulichofanya ni kuongeza hali ya tatu katikati. Kabla ya kutuma, programu inaandika kwenye diski: inatumwa. Inatuma. Ikipata jibu inaandika: imetumwa. Ikiuawa katikati, siku ikiamka inakuta mstari mmoja umebaki kwenye inatumwa, na sheria niliyoiandika ni kwamba huo mstari haiugusi. Inaubadilisha kuwa haijulikani, inasimama, inaniita mimi. Mimi naingia kwenye taarifa ya akaunti, natazama kama laki na nusu ya ile namba imetoka au haijatoka, afu naiambia. Roboti haibahatishi kwenye hela ya mtu. Kwa sababu inaenda mstari mmoja mmoja, kinachoweza kubaki gizani ni mtu mmoja tu, siyo 38, na mtu mmoja naweza kumwangalia.

Na malipo niliyatoa kabisa kwenye kujiendesha yenyewe. Task Scheduler ina kisanduku kingine kinachosema kazi ikikosa muda wake ianzishwe mara tu itakapowezekana, kwa ripoti ya jioni hicho ni kizuri sana, umeme ukirudi ripoti inajitengeneza. Kwa malipo nakiogopa. Malipo anaanzisha mtu, akiwa ametazama orodha, na daftari la kaunta lipo pembeni anaandika saa na jina lake. Wapo wanaosema daftari ni ushamba. Mimi daftari limenisaidia siku kompyuta iliposema uongo kuhusu tarehe, na hilo nalo nilieleze.

Laptopu tuliiacha kwa sababu watu walikuwa wanaenda nayo nyumbani. Tukanunua kompyuta ya mezani iliyotumika, pamoja na UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Baada ya miezi, asubuhi moja umeme ulikuwa umekatika usiku kucha, UPS imeisha, tukaiwasha, na ikasema tuko miaka mingi nyuma huko. Betri ile ndogo ya duara kwenye ubao wake, CR2032, ilikuwa imekufa, na intaneti asubuhi hiyo haikuwepo kwa hiyo saa haikuweza kujirekebisha. Ripoti ikatengenezwa kwa tarehe ya zamani, ikaenda kujipanga chini kabisa ya foda, tukadhani haikutengenezwa. Intaneti iliporudi ndo kila tovuti ikagoma kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza, na kwa saa yetu vilikuwa bado havijaanza. Betri nilinunua kwa fundi saa mjini, shilingi 2,000. Sa hivi skripti zote kabla ya kufanya chochote zinalinganisha tarehe ya leo na tarehe ya mwisho iliyopo kwenye databesi, ikiona leo iko nyuma ya jana inakataa kuanza.

Lingine ni la watu wawili. Dada wa mahesabu ana kompyuta yake, na kwa nia njema kabisa alinakili foda nzima ya programu kwake ili anisaidie nikiwa sipo. Siku moja tumeendesha ripoti wote wawili, kila mmoja na databesi yake, majumla tofauti, bosi anauliza ipi ya kweli. Ilikuwa ripoti, tulishukuru haikuwa malipo. Wazo langu la kwanza lilikuwa databesi ikae kwenye foda ya pamoja ya mtandao wa ofisi wote tuisome, nikaacha baada ya kusoma kwamba watengenezaji wa SQLite wenyewe wanaonya juu ya hilo, kufuli za faili kupitia mtandao haziaminiki na databesi inaweza kuharibika. Tukaamua kompyuta ya kulipa ni moja, imebandikwa karatasi, na programu inasoma jina la kompyuta, ikijikuta kwenye nyingine inakataa.

Pasiwedi. Wakati wa seva sikuwahi kuziona. Zilipokuja huku nilikuta kaka wa IT ameziandika ndani ya skripti, wazi, mtu yeyote akifungua anasoma, na kwenye imeili zimepita hivyohivyo. Nilibadilisha zote siku ileile, nikazihamishia kwenye hifadhi ya pasiwedi ya Windows yenyewe, skripti inaomba kwa jina tu. Diski nayo nikaifunga kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data yote ya diski, ufunguo wa dharura umechapwa kwenye karatasi uko kwenye sefu. Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kompyuta yetu ina pasipoti za wageni na simu za wagumu mamia. Data ikiwa mezani kwako, mwizi wa dirishani ni hatari ya kweli kuliko yule wa mtandaoni.

Programu zenyewe tunazitunza kwa Git, inayotunza historia ya kila badiliko, na watu wengi wanachanganya Git na zile tovuti za kuhifadhia. Git tangu Linus Torvalds alipoianza mwaka 2005 haihitaji seva, kila nakala ina historia yote. Nakala yetu ya pili iko kwenye fleshi iliyofungwa pasiwedi, jioni ya Ijumaa tunasukuma mabadiliko huko, inatoka ofisini. Na vifurushi vya Python, lugha tuliyoandikia programu, vyote programu inavyovitegemea nilivishusha mara moja nikavitunza kwenye foda, kompyuta ikifa naweza kufunga mpya bila intaneti. Ila hakikisha unavishusha kwa toleo lilelile la Python na aina ileile ya Windows, la sivyo vinakataa.

Hili la vifurushi lilitusaidia mapema kuliko nilivyofikiri. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuchechemea siku kadhaa. Wiki hiyohiyo diski ya kompyuta yetu ikawa imekufa. Nikafunga Windows mpya, Python kutoka kwenye fleshi, vifurushi kutoka kwenye foda, programu kutoka kwenye Git, nakala ya databesi ya Ijumaa, mpaka saa 9 alasiri ripoti inatoka. Mlimani kule Horombo, mita 3,720, intaneti ilipelekwa tangu Agosti 2022 na naifurahia, waongozaji wanatuma orodha kutoka juu hukohuko, lakini kazi ya ofisi nimeipanga kama vile intaneti ni mgeni, akija tunampokea, asipokuja tunakula.

Makao makuu mwaka jana waliniuliza kama tunataka kurudishwa kwenye seva. Nimewaambia ripoti na fomu za wageni ndiyo, itanipunguzia kazi. Malipo ya wagumu nimeomba yabaki hapa mpaka wanionyeshe kwenye seva yao ile hali ya haijulikani iko wapi.

Mwezi uliopita kundi la mwisho la msimu lilishuka Mweka, wagumu 40. Nimefika katikati UPS ikaanza kulia, umeme umeenda, na ruta nayo ikazima. Sikukimbilia kitu. Nikazima kompyuta vizuri, nikaenda kununua mahindi ya kuchoma nje pale. Umeme uliporudi nikawasha, tarehe sawa, nikafungua programu, ikaandika: imetumwa 24, haijulikani 1, bado 15. Yule mmoja nikampigia.

"Imeingia kaka?"

"Bado dada, naishika simu mkononi hapa."

Neno lake peke yake halitoshi, meseji huwa zinachelewa. Nikafungua taarifa ya akaunti, nikashuka mpaka dakika ile umeme ulipoondoka, namba yake haipo. Nikaurudisha mstari wake kwenye bado, nikaandika kwenye daftari saa na jina langu, nikabonyeza. Wakaenda 16. Simu yangu ikaita kabla sijafunga dirisha, ni yeye, nyuma yake nasikia kelele za gari la kuwashusha mjini, anasema, "Dada imeingia, moja tu."